Pima kwanza, chuja mwisho: kupambana na moshi ukiishi kando ya barabara ya malori

Mtu akifika kwenye kibanda changu hapa Malaba kuulizia habari za moshi, karibu kila mara huanza hivi: "Fundi, mashine ya kusafisha hewa ni pesa ngapi?" Namwambia avute kiti kwanza. Mashine hiyo ipo, na huko chini nitaeleza namna ya kuiunda kwa feni na filta, lakini ndicho kitu cha mwisho kutolea pesa. Cha kwanza ni kifaa cha kupimia. Ukisafisha hewa kabla ya kujua uchafu unatoka wapi na unaingia saa ngapi, utakuwa unateka maji kwa pakacha.

Mimi ni fundi umeme. Natengeneza feni, chaja, redio na sola, upande wa Uganda wa mpaka, wilaya ya Tororo. Mzigo ukitoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba au mashariki ya Kongo, unapita kwetu au unapita Busia, na trela zikipanga foleni injini huwa zinanguruma. Ukuta wa kituo cha dada yangu cha kulelea watoto unatazama foleni hiyo. Mama zao wanabadilisha pesa, wanauza chapati na mayai, wanavuka mpaka na mizigo. Watoto wanashinda mle ndani tangu asubuhi hadi jioni. Karibu kila nitakachoeleza nimekifanya katika chumba kile: bati juu, madirisha mawili, na mlango unaofunguliwa kila baada ya dakika chache.

Unachokitafuta hakionekani

Moshi mweusi wa trela unauona, na vumbi jekundu la barabara ya murram unaliona kwenye kola ya shati. Kinachoumiza zaidi ni kile usichokiona: chembe zenye upana usiozidi maikromita 2.5, ambazo wataalamu huziita PM2.5. Unywele wa kichwani una upana wa maikromita 70 hivi, kwa hiyo unaweza kupanga zaidi ya chembe 25 bega kwa bega juu ya unywele mmoja. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, ukalipiga chafya likatoka. Hizi ndogo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hupenya zikaingia kwenye damu. Pumu, nimonia ya watoto, ugonjwa wa moyo, kiharusi: vyote vimehusishwa nazo. Zinatoka popote kitu kinapoungua, iwe ni dizeli, mkaa, kuni, takataka au kaveera, yaani mfuko wa plastiki.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza viwango vyake. Wastani wa PM2.5 kwa saa 24 usizidi maikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, na wastani wa mwaka mzima usizidi 5. Kabla ya hapo viwango vilikuwa 25 na 10. Ziandike 15 na 5 ukutani karibu na kifaa chako, maana namba kwenye kioo haina maana kama huna cha kuilinganisha nacho.

Kupata kipimo

Anza na simu yako. Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi unaoitwa AirQo, ulioanza mwaka 2015 chini ya Profesa Engineer Bainomugisha, na mimi kama fundi wa nchi hii najivunia kazi yao kwa dhati. Wameunda vipimo vyao wenyewe Kampala, vinavyostahimili vumbi letu, joto letu na umeme wetu unaokatika: vinatumia sola, na vinatuma data kwa laini ya simu. Vimefungwa juu ya nguzo na majengo, vingine hata juu ya bodaboda, na siku hizi viko katika miji mingi ya Afrika nje ya Uganda pia. Programu yao ya simu na ramani yao ni bure. Fungua, tafuta kifaa kilicho karibu nawe, na ukikuta kipo mtaani kwako umeshaokoa pesa kwa upande wa hewa ya nje.

Lakini kifaa cha juu ya nguzo hakijui kinachotokea ndani ya chumba chako. Kwa ndani unahitaji chako. Unaweza kununua kilicho tayari, chenye kioo, au ukaunda mwenyewe kama umezoea kushika waya.

Kitu cha kutafuta ni kihisi cha leza. Ninachokitumia ni PMS5003 cha Plantower. Ndani yake mna kifeni kidogo kinachovuta hewa, mwale wa leza, na jicho linalopokea mwanga uliotawanywa na kila chembe inayopita. Kinahesabu mimweko hiyo na kukisia uzito wa chembe. AirQo nao huweka vihisi viwili vya namna hii katika kifaa kimoja, ili kimoja kikianza kusema uongo, kingine kikiumbue. Ukiweza kununua viwili, fanya hivyo.

Kuunganisha si kazi kubwa. Kihisi kinataka volti 5 kwa ajili ya kifeni, lakini mawasiliano yake ni ya volti 3.3, kwa hiyo bodi ya ESP32, kikompyuta kidogo cha kusoma vihisi, inakifaa bila kuongeza chochote katikati. Mguu wa kwanza unakwenda kwenye volti 5, wa pili kwenye graundi, na wa tano, ambao ndio unaotoa data, unaingia kwenye mguu wa kupokea wa bodi. Kasi ya mawasiliano ni biti 9600 kwa sekunde. Kila ujumbe una baiti 32 na huanza na 0x42 ikifuatiwa na 0x4D. Programu yako ikiona hizo mbili ijue ujumbe umeanza. Wale wa Sensor.Community, mradi wa wananchi uliozaliwa Stuttgart, Ujerumani, wanatoa programu ya bure ya bodi ya ESP8266 inayosoma kihisi hiki, kwa hiyo kama hupendi kuandika msimbo, tumia bodi hiyo na uichukue kwao.

Usikiache kihisi kikiwaka mfululizo. Leza yake imekadiriwa kudumu kama miaka 3 ikiwaka bila kupumzika. Kilaze, kiamshe kila baada ya dakika kumi, kipe sekunde 30 kitulie, chukua namba, kilaze tena. Kitakaa muda mrefu zaidi.

Kwa kasha, nenda kwa muuza vifaa vya bomba ununue elbo mbili za PVC za maji taka, za upana wa kutosha kuingiza bodi na kihisi. Ukizichomeka moja kwenye nyingine zinakuwa upinde wenye midomo miwili inayotazama chini. Mvua haiingii, hewa inapita. Midomoni funga kipande cha chandarua cha mbu, kwa sababu buibui hupenda sana kujenga ndani, na uzi mmoja wa utando mbele ya leza unaweza kukupa namba ya ajabu usiku kucha. Kifunge mita 2 au 3 kutoka chini, mbali na mlango wa jikoni, mahali jua la mchana halikipigi.

Jambo moja kuhusu ukungu. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 80 hivi, chembe hunywa maji zikavimba, na leza huziona kubwa kuliko zilivyo. Alfajiri ya msimu wa mvua kihisi kinaweza kukuambia hewa ni mbaya mno kumbe sehemu yake ni umande. Ndiyo maana naweka pia kihisi cha unyevu cha BME280 pembeni, na namba za saa zenye ukungu nazipa alama kwenye daftari. AirQo wanalishughulikia hili kwa kuweka vifaa vyao karibu na mashine kubwa za kupimia kwa miale ya beta, kisha kompyuta inajifunza kusahihisha. Wewe nyumbani huna mashine hiyo, kwa hiyo tumia kifaa chako kulinganisha: kabla na baada, ndani na nje, asubuhi na jioni. Kwa kazi hiyo kinatosha kabisa.

Soma wiki nzima kabla hujagusa kitu

Usifukuzie namba moja. Iache wiki ipite, Jumapili ikiwemo, kisha chora mstari wa kila siku na uandike pembeni kilichokuwa kikitendeka. Kwa kawaida utaona vilima viwili: kimoja kuanzia saa 12 asubuhi hadi kama saa 3, na kingine kuanzia saa 1 jioni hadi usiku. Hizo ndizo saa za magari na za kuwasha moto. Tena usiku hewa ya chini inapoa kuliko ya juu, na hapo moshi haupandi, unabaki palepale tulipo. Wenzetu wa Kampala wanaokaa mabondeni, Bwaise, Katwe, Kisenyi, wanaupata zaidi kuliko wa Kololo kwa sababu hiyo hiyo. Kiangazi, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, mstari wote unapanda. Mvua kubwa ikinyesha unashuka, kwa kuwa mvua huosha hewa.

Katika chumba cha dada yangu kila mtu alikuwa na hakika kwamba adui ni trela. Mstari ulionyesha jambo jingine. Trela zilipandisha namba, ndiyo, polepole, kuanzia madereva walipowasha injini kujaza upepo wa breki. Lakini mruko mkali kuliko yote, kutoka tarakimu mbili hadi tatu kwa dakika chache, ulitokea saa 4 asubuhi, wakati trela nyingi zilikuwa zimeshaondoka. Nikaenda kusimama pale saa ile. Binti anayewapikia watoto alikuwa ameweka sigiri kwenye ujia kati ya jikoni na chumba, akachana kaveera, akaliwasha, akaweka mkaa juu. Moshi wake wa kijivu uliingia chini ya mlango moja kwa moja hadi kwenye mikeka ya watoto, na hakuna aliyeushangaa, kwa kuwa nusu ya mji huwasha mkaa hivyo hivyo.

Hakuna feni na filta ambayo ingelishinda hilo kwa bei ya maana. Kulizuia kulihitaji kusogeza sigiri.

Zima chanzo kilicho ndani ya uwezo wako

Kama utaendelea na mkaa, washa nje, mbali na dirisha, kwa vijiti vikavu au karatasi, kamwe si kwa kaveera wala mpira wa tairi. Usiingize sigiri ndani mpaka mkaa wote uwe umeshika na moshi umekwisha. Na hata hapo usilale nayo wala usiifungie chumbani: mkaa unaong'aa bila moshi ndio unaotoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua familia nzima usiku mmoja. Kihisi cha PM2.5 hakiioni. Filta haiizuii. Sigiri iliyoboreshwa, yenye udongo ndani, inaokoa mkaa, nami naisifu kwa hilo, ila nayo inatoa kaboni monoksidi.

Ninachopendekeza kwa wenye umeme ni sufuria ya presha ya umeme, hasa kwa maharage, maana maharage ndiyo yanayokula mkaa. Tufanye hesabu ya kifundi. Sufuria ya wati 1000 ikiwaka saa nzima bila kukata ingekula yuniti moja. Lakini haiwaki saa nzima: ikishapata presha inakata, inawaka kidogo, inakata tena, kwa kuwa imefungwa na ina kifuniko cha kuzuia joto. Maharage yanaiva na yuniti haijaisha. Angalia pia mpangilio wa bei kwenye Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla: nchi yetu iliweka bei nafuu ya kupikia kwa mwenye nyumba anayevuka yuniti 80 kwa mwezi hadi 150, kusudi watu waache mkaa. Anayepika kwa umeme ndiye anayefika hapo. Na umeme wetu kwa sehemu kubwa ni wa maji ya Nile, bwawa la Karuma peke yake likiwa na uwezo wa megawati 600, kwa hiyo hauhamishii moshi kwa jirani wa mbali.

Kabla ya kuichomeka, kagua soketi. Wati 1000 kwa volti 240 ni zaidi kidogo ya ampea 4, mzigo mdogo kwa soketi iliyofungwa vizuri kwa waya wa milimita 2.5, lakini ni hatari kwa ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu inayozunguka nyumba nzima. Shika plagi baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, zima umwite fundi.

Dada alinunua sufuria moja kwa ajili ya maharage na wali, posho, yaani ugali, bado inasongwa kwenye sigiri, nje, nyuma ya nyumba. Mruko wa saa 4 ukatoweka kwenye mstari wiki ile ile.

Kuhusu trela zenyewe

Hapa uwezo wako ni mdogo, lakini haukosekani. Ongea na madereva na matanboi wao, yaani wasaidizi wao, kama watu, siyo kama wahalifu. Wengi hawapendi kuchoma dizeli bure. Anayesubiri karatasi kwa saa nzima anaweza kuzima injini. Anayejaza upepo wa breki anahitaji dakika chache tu. Sisi tuliomba trela zisisimame na injini ikiwaka mbele ya ukuta wa watoto, na madereva wanaopita mara kwa mara wanalikumbuka.

Jifunze kusoma moshi wa ekzosi, kwa sababu unakuambia ugonjwa. Mweusi ni dizeli nyingi kwa hewa chache: filta ya hewa imeziba, nozeli zimechoka, au mzigo umezidi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto ni maji au dizeli isiyoungua. Mwenye gari akitengeneza hayo anaokoa mafuta pia, na hiyo ndiyo lugha inayosikika barabarani.

Teknolojia kubwa ya upande huu ni filta ya masizi, kile kisanduku kinene kwenye bomba la moshi la magari mapya ya dizeli. Ndani yake mna vijia vyembamba vya kauri vilivyozibwa upande mmoja mmoja, moshi unalazimika kupenya ukuta, masizi yanabaki, halafu yanachomwa kwa joto kali bomba likipata moto. Inakamata zaidi ya asilimia 90 ya masizi. Inahitaji dizeli yenye salfa kidogo, na Afrika Mashariki ilishusha kiwango hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, kwa hiyo udhuru wa mafuta machafu hauna nguvu kama zamani. Kinachoniuma ni gereji zinazoitoboa au kuing'oa ikiziba, eti gari lipate nguvu. Ikiziba, husafishwa. Ukinunua gari lililotumika, inama uangalie kama kisanduku kipo na kama hakina alama ya kuchomelewa. Kumbuka pia kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalipiga marufuku kuingiza Uganda gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe.

Bodaboda za umeme zenye betri za kubadilishana nazo zinaongezeka, hasa Kampala, na Kiira Motors wanaunda mabasi ya umeme kule Jinja. Kwa kibanda cha kando ya barabara, bodaboda moja ya umeme inayosimama mbele yako mchana kutwa ni nafuu utakayoiona kwenye kihisi.

Sasa filta

Ukishaondoa chanzo cha ndani, ukajua saa mbaya za nje, kinachobaki ni moshi wa barabara unaoingia hata ukifunga dirisha. Huo ndio wa kuchuja.

Mwaka 2020 Wamarekani wawili, Richard Corsi na Jim Rosenthal, walitoa muundo rahisi ambao mtu yeyote anaweza kuujenga: filta nne zinakuwa kuta za boksi, chini kunazibwa, juu kunawekwa feni inayotupa hewa juu. Feni inanyonya hewa ya chumba kupitia kuta zote nne. Uzuri wake uko kwenye eneo kubwa la filta, kwa sababu feni ya kawaida haina nguvu ya kusukuma hewa kupitia tundu dogo lililoziba. Ndiyo maana filta moja ya gari iliyofungwa usoni mwa feni haifanyi kazi ya maana: unasikia kelele, hewa haipiti.

Filta uliza kwa wauzaji wa vifaa vya viyoyozi Kampala au Nairobi. Kwenye lebo tafuta MERV 13, au F7, au ePM1 ya asilimia 50 na kuendelea. Hizo ni lugha tatu za kiwango kinachokaribiana. Usinunue ya sponji inayooshwa, hiyo ni ya kulinda mashine dhidi ya vumbi kubwa, siyo mapafu. Ile ya HEPA inakamata asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, lakini kwa feni ya nyumbani ni nzito mno kupitisha hewa, na kwa kazi hii huihitaji: hewa ya chumba inazunguka na kupita kwenye filta tena na tena.

Feni tumia ile ya chuma ya sakafuni, ya inchi 18 au 20, na uikague kabla. Zungusha panga kwa mkono. Kama linakwama, bushi zimekauka, tia oili nyepesi. Kama linaanza kwa kusukumwa na kidole, badilisha kapasita.

Panga filta nne zisimame, mishale iliyochapwa pembeni yote ikitazama ndani. Ziba pembe kwa tepu pana ya kufungia katoni, kuanzia juu hadi chini, bila kuacha hata upenyo wa kucha. Chini weka plaiwudi. Juu weka kipande kingine cha plaiwudi au katoni ngumu chenye tundu la duara, dogo kidogo kuliko duara la mapanga, maana kwenye ncha za mapanga hewa hurudi nyuma na kukupunguzia nguvu. Laza feni juu ya tundu, ikitazama angani, uifunge isitikisike. Kwenye kituo cha watoto nilizungushia boksi lote wavu wa waya kama wa kuku, vidole visifike popote.

Washa, kisha chukua kijiti cha udi ukipitishe taratibu kwenye maungio. Moshi ukinyooka kuelekea kwenye pembe badala ya kuingia usoni mwa filta, pale pana tundu, ongeza tepu. Baada ya saa moja weka kiganja kwenye mota. Ukishindwa kukiacha hapo kwa joto, punguza mzigo au tafuta feni nyingine.

Hakiki kwa kihisi. Funga madirisha, subiri namba itulie, washa boksi, andika namba kila baada ya dakika tano. Inapaswa kushuka kwa nguvu mwanzoni kisha kupunguza mwendo. Ikikataa kushuka, ama una tundu, ama mishale iko kinyume, ama moshi unaingia haraka kuliko unavyochujwa, na hapo rudi ukatazame mlango. Feni ya wati 60 ikifanya kazi saa 8 inakula nusu yuniti tu.

Filta usioshe wala usiipige ukutani. Nyuzi zake zina chaji ya umeme tuli inayovuta chembe ndogo, na maji huiua chaji hiyo hata kama filta itaonekana nyeupe tena. Kwenye mazingira safi inaweza kufika miezi sita. Kando ya barabara yetu inachoka mapema, hasa kiangazi. Kihisi ndicho kitakachokuambia: chumba kikianza kuchukua muda mrefu zaidi kushuka, badilisha. Fanya hivyo nje, ukiwa na barakoa ya N95 au FFP2, uitie kwenye mfuko na kuufunga.

Neno zito kwa wenye watoto wengi chumbani: boksi hili halileti hewa mpya. Watoto 20 waliofungiwa wanapumua hewa iliyochoka, na kifua kikuu na mafua hupenda chumba kilichofungwa. Funga madirisha katika saa mbaya tu ulizozijua kwa kupima, kisha fungua yote wazi, pande zote mbili, mara mstari wa nje unaposhuka. Kwetu ni kuanzia katikati ya asubuhi.

Na usinunue vile vidude vinavyosema vinasafisha hewa kwa kutoa ozoni. Ozoni yenyewe inaunguza njia za hewa. Maua ya ndani ya nyumba ni mazuri kwa macho, kihisi hakioni tofauti.

Peleka mstari kwa mwenyekiti

Kuna kilima kimoja ambacho hukiondoi peke yako: taka zinazochomwa jioni. Kwa hilo chapisha mstari wako wa wiki moja, uweke alama ya duara kwenye saa za kuchoma, uende nao kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, ukiwa na majirani wawili au watatu, wakiwemo wenye watoto wanaokohoa. Msalimie vizuri, mwonyeshe kiwango cha 15 na kilichopimwa mtaani kwake. Usimtaje jirani kwa jina. Omba jambo moja linalotekelezeka, kama siku na mahali pa kukusanyia taka kabla gari la halmashauri ya mji halijapita, au sehemu ya foleni ambapo trela zitazima injini. Likikubaliwa, acha kihisi kiendelee palepale kilipokuwa, bila kukisogeza hata hatua moja, na baada ya wiki nyingine chora mstari wa pili kwenye karatasi ile ile kwa kalamu ya rangi tofauti, umpelekee.